Anayesubiri kupunguzwa tumbo ana kazi ya kufanya

Machi 2005 Diego Maradona aliingia hospitali mjini Cartagena, Colombia, akiwa na mwili ambao mashabiki wa Kombe la Dunia la 1986 wasingeutambua. Mwaka uliotangulia, moyo ulikuwa umemlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi mjini Buenos Aires. Madaktari wa Cartagena wakampunguza tumbo na kuupa utumbo wake njia mpya. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa akiendesha kipindi chake cha televisheni, amepungua hasa, akipigiana mpira wa vichwa na Pelé, na watazamaji wakaamini kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2007 alilazwa tena baada ya pombe na ulaji kupindukia. Mwaka 2015 alirudi kwenye meza ya upasuaji, safari hii Maracaibo, Venezuela, kupunguzwa uzito kwa mara ya pili.

Wapo wanaokitaja kisa hiki kama ushahidi kwamba upasuaji wa unene ni kupoteza pesa. Wanakisoma vibaya. Upasuaji huu unafaa, tena sana. Kosa ni kudhani kwamba kazi yote hufanyika siku ile moja ya nusu kaputi, na kwamba miezi inayotangulia ni ya kukaa tu na kungoja jina liitwe.

Ushahidi wa kufaa kwake upo wa kutosha. Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu 4,047 wenye unene uliokithiri; nusu yao hivi walipasuliwa, waliobaki wakapata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Waliogawanywa tumbo na kuunganishiwa utumbo, njia ambayo Dk Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliianzisha mwaka 1966, bado walikuwa pungufu kwa robo ya uzito wao miaka kumi baadaye. Hakuna mlo wala mazoezi peke yake yaliyowahi kuwafikisha watu wa kundi hilo mahali hapo kwa wingi huo.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine: uzito hushuka mpaka mwisho wake katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha kwa wengi huanza kupanda kidogo kidogo. Wengine husimama mapema, wengine hupanda mpaka karibu na pale walipoanzia. Upasuaji unaotumika zaidi siku hizi huondoa kati ya robo tatu na asilimia 80 ya tumbo la chakula na kubakiza kitu chembamba kama ndizi. Ile sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo maana mgonjwa hushangaa kuona saa sita ya mchana imepita bila kukumbuka chakula. Hata hivyo, tumbo dogo halimzuii mtu kunywa soda, wala kula aiskrimu kijiko kimoja kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Vitu laini na vitamu hupita bila kizuizi. Mazoea ya miaka ishirini huvuka salama chumba cha upasuaji na kumngoja mwenyewe nyumbani.

Muda wa kusubiri hutofautiana kwa nchi na kwa mfuko. Uingereza, mgonjwa wa huduma ya umma huanzia kwa daktari wa mtaa wake, kisha hupelekwa kwenye kliniki maalumu ya uzito yenye daktari, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia. Humo kwa kawaida hukaa miezi sita hadi mwaka kabla ya kuingia kwenye foleni ya upasuaji wenyewe, na foleni hiyo ilirefuka zaidi baada ya korona, kwani mwaka 2020 operesheni zisizo za dharura zilisimamishwa. Kigezo kikuu ni uwiano wa uzito na urefu: 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaotokana na unene. Kwa mtu wa sentimita 165, hizo ni kilo 109 na kilo 95. Mtanzania au Mkenya anayeishi London au Leicester ajue kwamba mwongozo wa huko unaruhusu kushusha kiwango hicho kwa pointi 2.5 kwa watu wa asili ya Kiafrika na Kiasia, kwa kuwa magonjwa haya huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi. Wengi hawajui, hivyo hawaulizi.

Marekani habari ni nyingine. Kampuni nyingi za bima zimekuwa zikidai mteja aonyeshe miezi mitatu hadi sita ya mlo unaosimamiwa na daktari kabla hazijalipa. Akikosa kliniki mwezi mmoja, baadhi humtaka aanze upya. Chama cha madaktari wa upasuaji huo nchini humo kililikataa sharti hili waziwazi mwaka 2016, kikasema halina msingi wa kisayansi na linawabagua wagonjwa. Hoja yao ni nzito. Mtu anayehitaji kuondolewa nyongo haambiwi kwanza athibitishe kwamba anastahili. Aliyeshindwa kupungua kwa miaka kumi na tano, na kwa sababu hiyohiyo akaja hospitali, akiambiwa apungue kilo kumi ndipo asaidiwe, anaambiwa apone kwanza ndipo atibiwe.

Hapo ndipo pa kutenganisha mambo mawili ambayo wagonjwa, na hata madaktari, huyachanganya. Kupungua uzito kama sharti la kupata tiba ni dhuluma. Kujiandaa kwa ajili ya tiba ni sehemu ya tiba. La kwanza humpima mgonjwa kwa mizani na kumfukuza akifeli. La pili humuuliza anakula nini, saa ngapi, akiwa na hali gani moyoni, kisha humfundisha kufanya tofauti, hata kama mizani haikusogea.

Chukua mfano wa ini. Sehemu ya kushoto ya ini hufunika tumbo la chakula, na daktari anayefanya upasuaji wa matundu madogo lazima ainyanyue ili aone anachokata. Kwa mtu mnene, ini mara nyingi limejaa mafuta, ni kubwa, zito na rahisi kuvuja damu. Likikataa kunyanyuka, daktari hulazimika kupasua tumbo wazi au kuahirisha kazi nzima. Ndiyo sababu ya mlo mkali wa wiki mbili kabla ya tarehe, wa kalori kati ya 800 na 1,000 kwa siku, wenye wanga kidogo. Baadhi ya hospitali za Uingereza huwaruhusu wagonjwa kuufanya kwa maziwa na mtindi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wagonjwa 273 wa kuunganishiwa utumbo: miongoni mwa waliofuata mlo wa namna hiyo kwa siku 14, wanane walipata matatizo ndani ya mwezi mmoja, miongoni mwa ambao hawakuufuata, 18.

Ini hutii haraka kuliko watu wanavyodhani. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle alijiuliza kwa nini sukari ya wagonjwa wa kisukari hushuka siku chache tu baada ya kupunguzwa tumbo, kabla hata uzito haujapungua kwa maana. Mwaka 2011 aliwaweka watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili kwenye kalori 600 kwa siku, bila upasuaji. Ndani ya siku saba sukari yao ya asubuhi ilirudi kwenye kiwango cha kawaida, na mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi. Juma moja! Mgonjwa aliyekata tamaa kwamba mwili wake hausikii tena anastahili kuambiwa habari hii.

Anastahili kuambiwa pia hatari yake. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, akipunguza chakula ghafla bila dozi kupunguzwa, sukari inaweza kushuka hadi akazirai. Mlo huu si wa kuigwa kutoka kwa jirani. Unapangwa na daktari, na tarehe yake hufungamana na tarehe ya upasuaji.

Kabla ya wiki hizo mbili kuna miezi, na humo ndimo penye mafunzo yenyewe. Baada ya upasuaji mtu atatakiwa kutafuna kila tonge hadi lilainike kabisa, kuacha kunywa wakati wa kula na kungoja kama nusu saa baadaye, kuanza na samaki, yai, maharage au kuku kabla ya ugali au wali, na kuacha mara tu aonapo dalili ya kushiba. Ukiyasoma, ni mambo mepesi. Kwa mtu aliyelelewa kumaliza sahani kwa dakika tano na kushushia na glasi ya juisi ya embe, ni kujifunza kula upya. Akianza kujifunza akiwa na kidonda tumboni, kila kosa litamtapisha. Akianza miezi sita kabla, kosa la leo linamgharimu aibu kidogo tu, na kesho anajaribu tena.

Soda ndiyo ya kwanza kuaga. Chupa ya mililita 350 ya kinywaji aina ya kola ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Anayekunywa chupa moja mchana na vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu kila kimoja ameshavuka mpaka kabla ya kuhesabu andazi. Hapa mabadiliko hayahitaji pesa, huokoa pesa.

Mafuta ya kupikia ni somo la pili, na somo hilo ni la nyumba nzima. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na mapishi mengi ya mjini hayapimi kwa kijiko. Mgonjwa hawezi kubadili sufuria peke yake wakati mpishi ni mama, dada wa kazi au mke. Na kwenye sinia la pamoja, kama lile la futari au la pilau ya harusi, hakuna anayejua amekula kiasi gani, huku mwenyeji akisukuma nyama upande wa mgeni na kumlaumu kwamba hajala kitu. Katika nyumba zetu kukataa chakula ni kumkosea mtu. Kwa hiyo familia inapaswa kuitwa kliniki pamoja na mgonjwa, ielezwe, iulize, ijue kwamba kijana wao akiacha nusu sahani haumwi wala hajakasirika.

Yako pia mambo ambayo hayahusu sahani, nayo husahaulika kwa urahisi. Sigara huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya vidonda pale tumbo lilipounganishwa. Hospitali nyingi hutaka iachwe wiki kadhaa kabla. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe, kwa sababu nusu kaputi humwongezea hatari, na mashine ya kumsaidia kupumua usiku huanza kutumika kabla ya upasuaji. Damu ipimwe madini ya chuma, vitamini D na B12. Mnene anaweza kuwa na upungufu wa lishe, na baada ya tumbo kupunguzwa ufyonzwaji huwa mgumu zaidi, ndiyo maana vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Bei ya vidonge hivyo iingizwe kwenye hesabu mapema, kama kodi ya nyumba.

Wanawake, ambao ndio wengi katika kliniki hizi, wanahitaji mazungumzo mengine ambayo kliniki nyingi huyakwepa. Unene ukipungua, uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi kwa kasi, hata kwa waliokuwa wamekata tamaa. Ushauri wa kitabibu ni kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri kwa aliyeunganishiwa utumbo. Njia mbadala ichaguliwe wakati wa kusubiri, mume akiwapo ikiwezekana.

Pombe nayo ina hesabu mpya. Baada ya kuunganishiwa utumbo hupanda kichwani haraka na kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uligundua kwamba matatizo ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, kutoka asilimia 7.6 hadi 9.6 ya wagonjwa. Anayetumia bia kama dawa ya mawazo, au chakula kwa kazi hiyohiyo, atafute tiba nyingine ya mawazo kabla ya kile anachokimbilia kufungiwa mlango. Al Roker, mtangazaji wa hali ya hewa wa Marekani, alipasuliwa Machi 2002, baada ya kumwahidi baba yake aliyekuwa mahututi kwamba atapungua. Akapungua kilo 45 hivi. Mama yake alipougua, kilo zipatazo 18 zikarudi. Tumbo lake lilikuwa bado dogo. Huzuni ilipata njia ya kulizunguka, naye ilimbidi ajifunze upya kula kwa nidhamu, kama ambavyo amekuwa akisimulia hadharani tangu wakati huo.

Kuhusu mazoezi, wataalamu huongopewa na wagonjwa kwa sababu wamewadai makubwa. Mtu wa kilo 130 mwenye magoti yanayouma hatakimbia ufukweni Coco. Atatembea dakika kumi baada ya chakula cha jioni, atashuka daladala kituo kimoja kabla ya chake, atainuka na kuketi kwenye kiti mara kumi wakati wa taarifa ya habari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 kwa wiki. Anayefika 60 kwa kuanzia, naye apongezwe. Misuli iliyoamka husaidia mapafu na kumtoa mgonjwa kitandani siku ya kwanza baada ya upasuaji, jambo linalopunguza hatari ya damu kuganda miguuni.

Wapo watakaofika mwisho wa foleni na kugundua kwamba hawahitaji tena upasuaji, ama kwa sababu ya mabadiliko hayo, ama kwa msaada wa sindano mpya za kupunguza njaa, ambazo Marekani ilianza kuidhinisha kwa unene kwa dozi ya mara moja kwa wiki mwaka 2021. Na wapo watakaobadilika kwa kila kitu na bado wauhitaji. Hao wa pili ndio wengi, na wasionekane wameshindwa. Mwili wenye unene uliokithiri hupigania uzito wake: ukipunguza chakula, huongeza njaa na kubana matumizi. Kwa watu hao kisu ni msaada halali, na maandalizi ndiyo yanayoufanya msaada huo udumu.

Afrika Mashariki haina tena nafasi ya kuliona hili kuwa tatizo la Wazungu. Takwimu za kitaifa za Tanzania za mwaka 2015/16 zilionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 33. Mwishoni mwa 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni, linaloingizwa kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Profesa Mohamed Janabi, wakati huo mkurugenzi mtendaji wake, alijulikana nchi nzima kwa kuhubiri kupunguza sukari na wanga, na wengi walimcheka kabla ya kuanza kuhesabu chapati zao. Nairobi upasuaji hufanywa katika hospitali binafsi. Wenye uwezo husafiri hadi India au Uturuki na kurudi baada ya siku chache.

Huduma ikiwa changa hivi, ni rahisi kuijenga vizuri, na ni rahisi zaidi kuiharibu. Hatari iliyopo ni kuuza puto na upasuaji kama njia ya mkato: picha za kabla na baada mtandaoni, bei, namba ya simu. Anayelipa taslimu hana foleni, kwa hiyo hana maandalizi. Huyo ndiye aliye hatarini zaidi kuliko mgonjwa wa Uingereza anayelalamikia kusubiri mwaka mzima.

Hospitali zinazotoa huduma hii, za umma na za binafsi, ziweke kipindi cha maandalizi kwa kila mgonjwa, chenye mtaalamu wa lishe na mshauri wa saikolojia, na zisimkatae mtu kwa sababu mizani haikushuka. Bima zilipie vikao hivyo sawa na zinavyolipia dawa za kisukari, maana ni nafuu kuliko kupasua mara mbili. Wizara za afya zitake hospitali ziwafuatilie wagonjwa kwa miaka, badala ya kuhesabu tu waliolala mezani. Na wewe unayesubiri tarehe yako, usile kwa kuaga. Anza wiki hii na soda, na ukienda kliniki nenda na yule anayekupikia.